SOMO LA 12: MATEMBEZI KATIKA MJI WA MACAU

Leo tutasafiri. Hatutapanda meli wala ndege. Tutasafiri kwa kusoma. Hii ni faida moja ya kujua kusoma: mtu huiona nchi ya mbali akiwa amekaa barazani kwake.

Tunakwenda Macau. Macau ni mji wa pwani katika nchi ya China. Kila mwaka mamilioni ya wageni huenda kuutazama. Wanakwenda kwa sababu mbili. Sababu ya kwanza ni majengo ya zamani yaliyoachwa na Wareno na Wachina. Sababu ya pili ni nyumba za kamari. Nyumba hizo huitwa kasino.

Katika somo hili tutaviona vyote viwili. Halafu tutapiga hesabu. Hesabu hiyo itatuonyesha kwa nini mwenye meza ya kamari hujenga ghorofa, na mchezaji huuza saa yake.

Chukua daftari na kalamu. Twende.

1. MJI HUU UKO WAPI?

Macau iko kusini ya China, mahali ambapo Mto wa Lulu unaingia baharini. Upande wa mashariki, ng'ambo ya maji, uko mji mkubwa wa Hong Kong. Tangu mwaka 2018 miji hiyo imeunganishwa kwa barabara ya madaraja na njia ya chini ya bahari. Barabara hiyo ina urefu wa kilometa 55.

Macau ni ndogo sana. Eneo lake ni kilometa za mraba 33 hivi. Kisiwa cha Unguja ni kikubwa kuliko Macau zaidi ya mara 40. Hata hivyo, Macau ina wakazi zaidi ya laki sita. Watu wamebanana. Kwa hiyo wamejaza udongo na mawe baharini ili kupata ardhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 eneo la Macau halikufika kilometa za mraba 12. Sehemu kubwa ya ardhi ya leo ilikuwa bahari.

2. WARENO WALIFIKAJE HUKO?

Wareno hao tunawajua. Ndio waliopita pwani yetu. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498. Mwaka 1505 Wareno waliishambulia Kilwa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa. Kutoka pwani yetu walivuka bahari mpaka Bara Hindi. Kutoka huko waliendelea mpaka China.

Walianza kukaa Macau kwa ruhusa ya Wachina mwaka 1557. Walitaka kufanya biashara ya hariri, fedha na vyombo vya kaure kati ya China, Japani na Bara Hindi. Kwa muda mrefu waliwalipa Wachina kodi ya ardhi kila mwaka. Baadaye, katika karne ya 19, Wareno waliacha kulipa. Wakautawala mji kama koloni.

Ndugu zetu wa Msumbiji walipata uhuru wao kutoka kwa Wareno mwaka 1975, baada ya kupigana vita. Macau ilikaa zaidi. Ilirudishwa kwa China tarehe 20 Desemba 1999, baada ya mazungumzo. Leo ni sehemu ya China, lakini ina sheria zake na fedha zake. Fedha zake zinaitwa pataca.

3. TUANZE KUTEMBEA

Hekalu la A-Ma

Tuanze kusini mwa mji, karibu na maji. Hapa kuna hekalu la A-Ma. Lilikuwapo kabla ya Wareno kufika. Wachina wa pwani humwomba A-Ma awalinde mabaharia na wavuvi. Utaona vijiti vya udi vimewashwa. Vingine vimesokotwa kama chemchemi na kuning'inizwa darini. Moshi wenye harufu nzuri umejaa kila mahali. Watu wengi husema kwamba jina la Macau limetokana na jina la A-Ma na ghuba yake.

Uwanja wa Senado

Tupande kuelekea kaskazini mpaka katikati ya mji. Hapa kuna uwanja wa Senado. Tazama chini. Sakafu imetengenezwa kwa vijiwe vidogo vyeusi na vyeupe. Vijiwe hivyo vimepangwa kwa mkono, kimoja kimoja, vikafanya mchoro wa mawimbi ya bahari. Hii ni kazi ya ufundi wa Kireno. Majengo ya kando yamepakwa rangi ya manjano, waridi na nyeupe. Majina ya barabara yameandikwa juu ya vigae kwa lugha mbili, Kichina na Kireno. Asiyejua kusoma lugha yoyote kati ya hizo hupotea njia.

Ukuta wa kanisa la Mtakatifu Paulo

Sasa tupite katika vichochoro vya maduka ya biskuti na nyama kavu. Mbele yetu kuna ngazi pana za mawe. Juu ya ngazi umesimama ukuta mkubwa wa jiwe. Ni uso wa kanisa. Lakini ukipita mlangoni unakuta mwanga wa jua. Nyuma yake hakuna kanisa.

Kanisa hilo lilianza kujengwa mwaka 1602. Uso wake wa mawe ulimalizika karibu na mwaka 1640. Miongoni mwa mafundi walikuwamo Wakristo wa Japani waliokimbia mateso kwao. Walifanya kazi pamoja na mafundi wa Kichina. Ndiyo maana katika ukuta huu utaona meli ya Kireno, maandishi ya Kichina, maua ya Kijapani na joka lenye vichwa saba. Mwaka 1835 moto uliteketeza kanisa. Mbao zote ziliungua. Uso wa mawe ndio uliobaki.

Watu wa Macau hawakuubomoa ukuta huo ili kujenga duka. Hawakuchukua mawe yake kwenda kujengea nyumba. Waliuimarisha na kuutunza. Leo ndio alama ya mji wao.

Ukuta wa udongo

Kando ya ukuta huo wa kanisa kuna hekalu dogo la Kichina na kipande cha ukuta wa kale wa mji. Wageni wengi hupita bila kukitazama. Sisi tusimame. Ukuta huu haukujengwa kwa saruji. Ulijengwa kwa udongo, mchanga, majani ya mpunga, vipande vya mawe na makombe ya chaza yaliyopondwa. Mafundi walishindilia mchanganyiko huo tabaka juu ya tabaka. Umesimama kwa karne nyingi.

Ndugu msomaji, je, huoni kwamba ufundi huu ni jirani wa ufundi wetu? Wazee wetu wa pwani walichoma mawe ya matumbawe wakapata chokaa. Kwa chokaa hiyo walijenga misikiti na majumba ya Kilwa. Nyumba ya udongo si jambo la kuonea haya. Jambo la kujiuliza ni kama imejengwa vizuri na kama inatunzwa.

Mwaka 2005 sehemu ya kale ya Macau iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kwetu magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliandikwa katika orodha hiyo mwaka 1981. Tumewatangulia miaka 24.

4. WAAFRIKA KATIKA NGOME YA MONTE

Juu ya kilima, karibu na ukuta wa kanisa, kuna ngome ya Monte. Mizinga yake bado imeelekezwa nje, kati ya matundu ya ukuta. Ndani kuna jumba la makumbusho. Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa kuna habari inayotuhusu.

Wareno hawakufika Macau peke yao. Waliwachukua Waafrika kwa nguvu, wakiwamo watu wa Msumbiji, wakawapeleka huko kama watumwa. Tarehe 24 Juni 1622 Waholanzi walikuja kuuteka mji. Watu wao wapatao 800 waliteremka ufukweni. Wareno wengi walikuwa safarini kwa biashara. Ngome ilikuwa haijamalizika. Kombora lililopigwa kutoka kilima hiki liliangukia pipa la baruti la Waholanzi, nalo likalipuka. Ndipo watu wa mji waliposhuka kupigana. Waafrika walikuwa mstari wa mbele. Waholanzi wakakimbilia baharini, na wengi wao wakafa.

Mkuu wa Waholanzi katika Asia aliandika kwamba walioshinda vita vile walikuwa watumwa wa Wareno. Baadhi ya Waafrika hao waliachwa huru baada ya vita. Wengine waliulinda mji usiokuwa wao, na wakabaki watumwa.

Miaka mingi baadaye, katika miaka ya 1940 na 1950, Wareno walipeleka tena Waafrika Macau. Safari hii walikuwa askari kutoka Msumbiji. Kazi yao ilikuwa kulinda mpaka.

Kwa hiyo usidhani kwamba historia ya Macau ni ya Wareno na Wachina tu. Majina ya Waafrika hao hayakuchongwa juu ya mawe. Lakini kazi yao imo ndani ya mji.

5. CHAKULA NA MANENO

Tumeona njaa. Tuingie mkahawani. Katika orodha ya vyakula utaona chakula kinachoitwa "kuku wa Kiafrika". Huyo ni kuku wa kuchoma au kuoka. Hupakwa mchuzi mzito wa pilipili, nazi, vitunguu saumu na karanga. Ukionja utasema, "Ladha hii naijua." Wareno wenyewe huiita pilipili "piri-piri". Neno hilo walilipata Afrika.

Nasi tulipata maneno kutoka kwao. Meza ni neno la Kireno. Leso pia, na bendera pia. Neno gereza lilitoka katika neno lao la kanisa. Na karata je? Karata ni neno la Kireno. Kopa, uru na shupaza ni majina ya Kireno ya karata. Meli zilezile zilizopita pwani yetu zilileta michezo ya karata mpaka kwenye baraza zetu.

Kucheza karata kwa kupumzika si kosa. Taabu huanza fedha inapowekwa mezani. Basi twende tukaione meza hiyo.

6. NYUMBA ZA KAMARI

Tushuke kutoka kilimani. Tufuate barabara kuu kuelekea mashariki. Tunafika kwenye jengo la zamani la mviringo. Ni kasino ya Lisboa, iliyofunguliwa mwaka 1970. Jirani yake kuna jengo jipya lenye umbo la ua kubwa la dhahabu. Usiku taa zake huonekana mbali.

Serikali ya Wareno ilihalalisha kamari Macau katikati ya karne ya 19. Biashara ya bandari ilikuwa imehamia Hong Kong. Serikali ilitafuta fedha, ikauza vibali vya kamari. Kuanzia mwaka 1962 kampuni moja tu ilikuwa na kibali. Mwaka 2002 serikali mpya iliruhusu kampuni nyingine. Mwaka 2006 mapato ya kamari ya Macau yaliupita mji wa Las Vegas wa Marekani. Juu ya ardhi iliyojazwa baharini zilijengwa kasino kubwa kama vijiji vizima. Moja ina mifereji ya maji na mitumbwi ndani ya jengo, chini ya dari iliyochorwa mawingu.

Kuingia ni bure. Mabasi ya kasino huwachukua wageni mpakani na bandarini bila nauli. Ndani kuna ubaridi mzuri na zulia laini. Kasino nyingi hazina madirisha, wala saa ukutani. Mtu hajui kama kumekucha au kumekuchwa. Jiulize: mfanyabiashara anayekupa nauli ya bure, ubaridi wa bure na taa za bure anazilipia kwa fedha za nani?

Jibu tutalipata kwa hesabu.

7. HESABU YA DADU TATU

Katika kasino za Macau kuna mchezo wa dadu tatu. Dadu ni kijiwe chenye pande sita. Kila upande una vitone, kuanzia kimoja mpaka sita. Dadu tatu huwekwa ndani ya chombo na kutikiswa. Kabla ya kufunuliwa, mchezaji huweka fedha yake upande wa KUBWA au upande wa NDOGO.

Sheria ni hizi:

(a) Jumla ya vitone ikiwa 11 mpaka 17, KUBWA imeshinda.
(b) Jumla ya vitone ikiwa 4 mpaka 10, NDOGO imeshinda.
(c) Aliyeshinda huongezwa fedha sawa na ile aliyoweka.
(d) Dadu zote tatu zikitoa namba moja, kwa mfano 2, 2 na 2, basi KUBWA na NDOGO zote zimeshindwa.

Mchezaji mgeni husikia sheria tatu za kwanza na kufurahi. Husema, "Huu ni mchezo wa haki, nusu kwa nusu." Sheria ya nne haijali. Sisi tutaijali.

Dadu moja huanguka kwa njia 6. Dadu mbili huanguka kwa njia 6 mara 6, yaani 36. Dadu tatu huanguka kwa njia 36 mara 6, yaani 216.

Katika njia hizo 216, njia 6 ni za namba tatu zilizo sawa: tatu za moja, tatu za mbili, na kuendelea mpaka tatu za sita. Zinabaki njia 210. Nusu yake, 105, ni za KUBWA. Nusu nyingine, 105, ni za NDOGO.

Sasa tuwaweke mezani watu wawili. Ndugu A anaweka shilingi 100 upande wa KUBWA kila mara. Ndugu B anaweka shilingi 100 upande wa NDOGO kila mara. Dadu zinatikiswa mara 216, na kila njia inatokea mara moja.

Katika mara 210, mmoja wao anashinda na mwingine anashindwa. Meza inachukua shilingi 100 za aliyeshindwa na kumpa aliyeshinda. Meza haikupata kitu, wala haikupoteza kitu.

Katika mara 6 zilizobaki, wote wawili wanashindwa. Meza inachukua shilingi 200 kila mara.

Mara 6 kwa shilingi 200 ni shilingi 1,200.

Ndugu A amepoteza shilingi 600. Ndugu B amepoteza shilingi 600. Hakuna aliyemshinda mwenzake. Meza imewashinda wote wawili.

Soma tena hesabu hii polepole. Iandike katika daftari lako. Je, umeona mahali popote ambapo mwenye meza alihitaji bahati? Hakuihitaji. Hakuhitaji hata kudanganya. Faida yake imo ndani ya sheria ya mchezo.

Mara 6 katika 216 ni sawa na mara 1 katika 36. Maana yake, katika kila shilingi 36 zinazowekwa mezani, meza hubakiza shilingi 1. Utasema, "Shilingi moja ni ndogo." Ni kweli. Haba na haba hujaza kibaba. Mchezaji haweki fedha yake mara moja. Anaiweka, anaipata, anaiweka tena. Mtu mwenye shilingi 10,000, akiweka shilingi 100 kila mara, kwa wastani atakuwa amezimaliza zote baada ya kucheza mara 3,600. Akiweka shilingi 1,000 kila mara, mara 360 zinatosha.

Je, hakuna anayeshinda? Wapo. Mtu mmoja anaweza kushinda leo akaenda nyumbani anacheka. Meza haimwogopi mtu huyo. Ina wachezaji maelfu, usiku na mchana. Tena mshindi huyo ndiye tangazo lake. Watu watasimulia habari zake. Walioshindwa hawasimulii.

Dadu haikumbuki

Kando ya meza kuna ubao wa taa. Unaonyesha matokeo yaliyopita: KUBWA, KUBWA, NDOGO, KUBWA, KUBWA. Wachezaji huutazama kwa makini. Wengine huandika katika karatasi. Mmoja husema, "KUBWA imetoka mara tano. Sasa lazima itoke NDOGO." Mwingine husema, "KUBWA ina bahati leo. Nitaifuata."

Wote wawili wamekosea. Dadu ni kijiwe. Haijui ilivyoanguka jana. Haijui ilivyoanguka dakika moja iliyopita. Kila inapotikiswa, inaanza upya. Ubao ule hauonyeshi mambo yajayo. Kazi yake ni kumfanya mtu adhani kwamba anayajua.

8. DUKA LA REHANI

Tutoke nje tupate hewa. Karibu na kasino utaona maduka mengi madogo yenye taa kali. Dirishani kuna saa za mkono, pete na mikufu. Hayo ni maduka ya rehani. Mchezaji aliyeishiwa huingia na saa yake. Hupewa fedha kidogo. Akirudi na fedha hiyo pamoja na riba, hurudishiwa saa. Asiporudi, saa huuzwa.

Turudi magharibi kwa barabara ileile kuu. Kuna duka la rehani la zamani ambalo sasa ni makumbusho. Linaitwa Tak Seng On. Lilifunguliwa mwaka 1917 na kufungwa mwaka 1993. Nyuma ya duka kuna mnara mnene wenye madirisha membamba kama ya ngome. Ndani ya mnara ndimo vilimowekwa vitu vya watu. Kaunta ya duka ni ndefu kwenda juu. Mteja alisimama chini, akainua mikono, akakabidhi kitu chake. Mwenye duka alikaa juu, akamtazama kutoka juu. Mbele ya mlango lilisimamishwa pazia la mbao, ili wapita njia wasimwone aliyeingia kuweka rehani. Watu waliona aibu.

Tajiri aliyelifungua duka hilo alikuwa Kou Ho Neng. Kuanzia mwaka 1937 yeye na mwenzake ndio waliokuwa na kibali cha kamari cha Macau. Fikiri juu ya jambo hilo. Mezani mtu aliacha fedha yake. Dukani aliacha saa yake. Vyote viliingia katika njia moja.

9. MJI UNAPATA NINI?

Lazima tuseme ukweli wote. Serikali ya Macau hutoza kampuni za kamari kodi kubwa sana. Katika miaka mingi, sehemu kubwa ya mapato ya serikali imetoka huko. Tangu mwaka 2007 watoto wa Macau wamepata elimu bila malipo kwa miaka 15, kuanzia shule ya vidudu mpaka mwisho wa sekondari. Tangu mwaka 2008 serikali imekuwa ikigawa fedha kwa wakazi wake. Hayo ni mema.

Lakini wengi wa wachezaji si watu wa Macau. Ni wageni. Faida inabaki Macau, na machozi yanasafiri na mgeni kwenda kwao.

Tena angalia sheria za mji huo. Mtu aliye chini ya umri wa miaka 21 haruhusiwi kuingia kasino. Wafanyakazi wa serikali hawaruhusiwi kucheza, isipokuwa siku chache za Mwaka Mpya wa Kichina. Kuanzia mwisho wa mwaka 2019, hata wafanyakazi wa kasino wamekatazwa kwenda kucheza baada ya kazi, isipokuwa siku hizo. Wenye kuijua kamari vizuri ndio wanaowawekea watu wao mipaka.

Kuna hatari nyingine. Mwaka 2019 kasino za Macau zilipata karibu pataca bilioni 292. Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulifunga mipaka. Zilipata karibu bilioni 60 tu. Mji uliotegemea kitu kimoja ulitikisika, kama mkulima wa zao moja mvua inapokataa. Tangu hapo serikali imezitaka kampuni zitafute pia shughuli nyingine, kama maonyesho, michezo na utalii wa kawaida.

10. NA HUKU KWETU?

Pengine utasema, "Mimi sitakwenda Macau." Ni kweli. Lakini siku hizi kamari haingoji mtu aifuate. Imekuja na mashine ya kutumbukiza sarafu, pale kando ya duka. Imekuja ndani ya simu, pamoja na matokeo ya mpira. Huja sana wakati wa mauzo ya pamba, korosho au tumbaku, fedha inapokuwa mkononi.

Mashine hiyo si dadu, na simu si karata. Lakini sheria ya nne imo ndani yake. Ungejua ilipo, ungeona kwamba fedha yako ya mbolea na daftari za mtoto wako ndizo zinazolipia taa.

Zamani tulipiga hesabu kwa vidole. Sasa tunajua kuandika namba. Tuzitumie. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuweka fedha mahali popote, uliza maswali matatu. Wote kwa jumla wanaweka kiasi gani? Wote kwa jumla wanarudishiwa kiasi gani? Inayobaki inakwenda kwa nani? Ukipata majibu, utajua la kufanya.

MANENO YA KUJIFUNZA

Dadu: kijiwe chenye pande sita na vitone, hutumika katika michezo.
Kasino: nyumba ya kuchezea kamari.
Kibali: ruhusa ya serikali ya kufanya shughuli fulani.
Rehani: kitu kinachowekwa kwa mkopeshaji mpaka deni lilipwe.
Urithi: kitu tulichoachiwa na waliotutangulia.
Wastani: kiasi cha kati kinachopatikana baada ya kujumlisha na kugawanya.

MASWALI

1. Macau ilirudishwa kwa China tarehe gani?
2. Ukuta wa kale wa mji wa Macau ulijengwa kwa vitu gani?
3. Ni nani waliokuwa mstari wa mbele katika vita vya mwaka 1622?
4. Kwa nini dadu haiwezi "kudaiwa" namba?
5. Kwa nini mbele ya mlango wa duka la rehani liliwekwa pazia la mbao?

HESABU

1. Gurudumu la kamari lina nafasi 37. Watu 37 wanaweka shilingi 100 kila mmoja, kila mtu katika nafasi yake. Mshindi mmoja anapewa shilingi 3,600. Meza imepokea shilingi ngapi? Imebakiza ngapi?
2. Watu 50 wananunua tiketi za bahati nasibu kwa shilingi 500 kila moja. Zawadi ni shilingi 15,000. Mwenye bahati nasibu amebakiza shilingi ngapi?
3. Mtu anaweka shilingi 500 kila siku katika mashine ya kamari kwa siku 30. Anashinda mara mbili, shilingi 4,000 kila mara. Anasema, "Mwezi huu nimepata shilingi 8,000." Msahihishe.

Majibu: (1) 3,700, imebakiza 100. (2) 10,000. (3) Ametoa 15,000, amepata 8,000. Amepoteza 7,000.

YA KUJADILI DARASANI

1. Katika kijiji chetu kuna jengo, kaburi, mti au ukuta gani wa zamani unaostahili kutunzwa? Nani ataanza kazi hiyo?
2. Serikali ya Macau inapata kodi kubwa kwa kamari. Je, faida hiyo inatosha kuhalalisha hasara ya wachezaji? Kila mtu atoe hoja yake, na wengine wamsikilize.

KAZI YA NYUMBANI

Piga mstari katikati ya ukurasa wa daftari lako. Upande wa kushoto andika FEDHA ILIYOTOKA. Upande wa kulia andika FEDHA ILIYOINGIA. Jaza kila siku kwa muda wa mwezi mmoja, usiache hata shilingi moja. Mwisho wa mwezi jumlisha pande zote mbili, kisha zisome namba hizo pamoja na watu wa nyumbani kwako.